Shangazi Virginia Hakushuka Nairobi

Nyumba ya Wageni, nyuma ya Soko la Zamani
Siem Reap, Kambodia
9 Januari 2025

Kendi mwanangu,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye ni mzima, anakula vizuri na hajatekwa na mtu. Naanza na hilo kwa sababu najua umeangalia stempu kabla ya kufungua bahasha, na moyo umekuruka. Miguu yangu imeacha kuvimba. Joto la hapa lipo, lakini ni joto lenye miti. Nyumbani nadhani hawajambo. Nasema nadhani kwa sababu simu nimeizima, na maneno yenyewe yanaanzia hapo.

Siku uliponisindikiza uwanja wa ndege wa Doha ukalia hadi wanja ukakuchafua uso, nilitaka kukwambia. Nilifungua mdomo. Ukasema, "Shangazi, hatimaye unaenda nyumbani kupumzika," nikaufunga tena. Ulipogeuka tu, mimi nikaenda kupanga foleni ya Bangkok. Ule mkoba wa mgongoni ulionicheka kwamba nafanana na mwanajeshi, niliununua makusudi, tena katika duka lililo chini ya nyumba yako pale Najma. Mizigo mingine ilishatangulia Mombasa kwa meli. Viza nilitafutiwa mtandaoni na binti mdogo wa Madam, yule niliyemlea tangu kitovu hakijakauka. Sasa ana miaka kumi na saba na anaweza kutunza siri kuliko ukoo wetu wote.

Huu ni mji mdogo, mto umepita katikati. Nje yake, ndani ya msitu, kuna mahekalu ya mawe ya watu wa kale, mengi kuliko makanisa ya Nkubu. Nalala chumba kimoja na wasichana wa mataifa, vitanda vya ghorofa kama vya bweni. Wamenipa cha chini kwa heshima ya magoti yangu. Wa juu yangu anaitwa Valerie, Mbelgiji, ana mkoba mzito kuliko yeye mwenyewe. Wote wananiita Mama. Jana walinipeleka mahali unatia miguu kwenye tangi la samaki wadogo wanaokula ngozi kavu. Nilicheka hadi mwenye tangi akaja kuangalia kama ni ugonjwa. Samaki walishiba, na nadhani waliita jamaa zao.

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie Joram baba yako nimechelewa kidogo. Usimwambie niko wapi. Na usinitafute WhatsApp, kwa sababu Joram akiona tu nimeonekana hewani atapiga hadi simu iyeyuke. Niandikie barua, kama zamani.

Kwa nini nimekuja? Nimekuja kuona mawe. Hilo litoshe kwa sasa.

Shangazi yako,
Virginia


Najma, Doha
25 Januari 2025

Shangazi,

Ngoja nianze kwa adabu niliyofunzwa. Hujambo? Habari za huko msituni? Mimi sijambo. Wodi imejaa watu wenye mafua na wauguzi wenzangu wawili wako likizo, kwa hiyo natembea nimelala. Mama anakusalimu. Baba amemaliza ukuta wa shule na kidole chake kilichopondwa na jiwe kimepona, ingawa ukucha hautarudi.

Sasa. Shangazi. KAMBODIA?

Ule ujumbe wako mmoja, "Niko salama, barua inakuja, usimwambie Joram," ndio tu ulionizuia kwenda polisi. Acha nikusimulie yaliyotokea nyumbani, ukiwa umestarehe na samaki wako.

Baba alishuka Nairobi na kwaya nzima ya akina mama. Sare za kijani. Bango la kitambaa: KARIBU NYUMBANI VIRGINIA. Mzee Dominiko, yule Baba aliyekuchagulia, alisimama mbele kabisa, koti jipya, shada la maua mkononi. Kila mlango ulipofunguka waliimba. Walimwimbia rubani. Wakawaimbia Wachina kadhaa, na mmoja wao alipokea ua na kushukuru. Abiria walipoisha, Baba akanipigia simu. Nilikuwa ndiyo nimetoka zamu, kichwa hakifanyi kazi. Nikasema, "Ameshikiliwa kidogo na Madam."

Nilimaanisha kazi! Kama vile mtu anavyoshikiliwa na mgeni mlangoni.

Baba akauliza, "Ameshikiliwa?"

"Kidogo tu, Baba."

"Na pasipoti yake?"

Mtandao ukakatika. Aliponipata tena, kwaya ilikuwa imeshapiga magoti palepale sakafuni, inaomba. Tangu siku hiyo nimejaribu kuirudisha hiyo habari nyuma, lakini Baba ukimjibu swali moja anauliza la pili, na la tatu ndilo ninaloliogopa.

Barua yako ilikaa posta hadi jirani akaenda kuichukua. Jirani anasema stempu ni nzuri. Juzi nilipokuwa na homa jirani alinipikia uji, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Halafu jirani akasema nisikujibu nikiwa na hasira, nikangoja.

Rudi nyumbani Shangazi, aki. Au niambie la maana la kumwambia Baba.

Ni mimi,
Kendi


Siem Reap
8 Februari 2025

Mpenzi Kendi,

Nashukuru kusikia homa imeshuka. Kunywa maji, wewe ni muuguzi lakini hunywi maji. Mpe mama yako Charity pole kwa safari ya Nairobi, najua gari humtapisha. Na kidole cha Joram, mwambie akipake mafuta ya nazi, ingawa najua huwezi kumwambia nimesema mimi.

Barua yako niliisomea kitandani. Nilipofika kwa yule Mchina nilicheka kwa kelele, Valerie akateremka ngazi akifikiri nalia. Nikamtafsiria. Naye akacheka, halafu akauliza, "Lakini Mama, wale wanawake wanaomba kweli?" Hapo kicheko kikapungua kidogo. Nitalifikiria hilo.

Nina kazi ndogo hapa. Kwenye mahekalu hawaruhusu magoti na mabega wazi, na vijana hawa wanakuja na vikaptula kama wameanguliwa jana. Walinzi huwarudisha mlangoni. Basi mimi natembea na leso zangu ndani ya mkoba. Nikimwona msichana amerudishwa, namfunga leso kiunoni, nyingine mabegani, anaingia kama bibi harusi. Wiki iliyopita nilimfunga kijana wa Australia, ndevu hadi hapa, leso ya maua mekundu. Alipendeza. Nyani mmoja aliniibia ndizi na nusu ya leso ya samawati. Tulivutana. Nyani alishinda.

Nimeona hekalu lililomezwa na mizizi. Mti umelikalia kama kuku juu ya mayai. Nimeona lenye nyuso kubwa zinazotabasamu kila upande. Ukiwa chini yake huna pa kununia. Lile kubwa lenyewe, Angkor Wat, bado. Nitaliendea. Viza nimeongeza muda.

Mzee Dominiko na shada la maua! Nani alimwambia aje na maua? Sina la kusema juu yake, na unaweza kuona mwenyewe jinsi ninavyonyamaza. Najua tu kwamba kaka yangu alishapanga niishi wapi, nilale chumba gani, nisali kikundi kipi na nizeeke na nani, na katika kupanga kote huko hakunipigia hata simu moja ya kuuliza.

Na huyo jirani je? Umemtaja sana kwa karatasi moja. Hana jina?

Shangazi yako anayekupenda,
Virginia


Najma, Doha
21 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu ni fupi kwa sababu mambo yameharibika. Sisi wazima. Baridi imeisha hapa. Jirani ni jirani tu.

Sikiliza. Akina mama wa kwaya wanafunga kila Jumatano kwa ajili yako. Hawali hata tunda. Mama ameanza kuwa na kizunguzungu lakini anasema hawezi kuwa yeye wa kwanza kula. Na Baba amekwenda redioni. Redio ya kwetu, kipindi cha asubuhi, kile kinachosikilizwa na kila mtu anayekamua ng'ombe. Nilitumiwa sauti. Alisema, namnukuu, "Dada yangu amefungiwa kisiwani."

Shangazi, kisiwa chenyewe ni Pearl, anakoishi Madam! Pale penye maduka ya aiskrimu!

Mtangazaji alilia. Karani wa mbunge amepiga simu kuomba anwani. Na tarehe sita Machi Baba anarudi hewani, na safari hii amesema atamtaja Madam kwa jina, watu wote walisikie.

Huyo Madam alinialika kwake juzi. Nilikwenda. Alitaka kujua kama ulifika salama na kama magoti yamepata nafuu. Alinipa sahani ya vitamutamu vya pistachio nikutumie. Macho yalimlengalenga, akasema nyumba imekuwa na mwangwi. Nimevila vyote kwa aibu. Mama wa watu hana kosa, na jina lake linakwenda kuanikwa Nkubu nzima kama la mtesaji kwa sababu mimi nilikosa neno zuri saa nimechoka, na wewe umezima simu.

Nilipigia ile nyumba ya wageni. Aliyepokea alisema Mama yuko hekaluni, akakata. Nilipiga tena. Mama yuko kwa samaki.

Nakuuliza kitu, usikasirike. Umevuka bahari kuona mawe, na lile kubwa ambalo watu wote huendea siku ya kwanza, hujaliona. Kila barua unalizunguka. Kuna nini pale?

Hii naituma kwa ndege ya haraka. Tafadhali washa simu.

Kendi wako


Siem Reap
5 Machi 2025

Kendi wangu,

Mpe pole mama yako, na umwambie ale. Nyinyi wote kuleni. Mimi mzima, ila macho yamevimba, na utaelewa.

Barua yako ilifika jana jioni. Umeuliza kuna nini pale. Haya.

Nimesafiri sana na nyumba ile ya Madam. Nimefika Paris nikaona bafu. London nikaona lifti na bwawa la watoto. Wewe na wenzako mliona picha mkasema Shangazi ameizunguka dunia, nami sikubisha. Na hapa nilishafika, Kendi. Zamani, yule mdogo akiwa na miaka miwili. Siku ya kwenda Angkor Wat kuona jua likichomoza, mtoto aliamka na homa. Nikabaki naye hotelini, pazia limefungwa, namfuta kwa kitambaa cha maji. Walirudi saa ya kifungua kinywa, vumbi jekundu viatuni, wote wanaongea kwa pamoja. Madam akanishika mkono, "Virginia, ungeliona!" Hakusema kwa ubaya. Nilisafisha vile viatu. Kesho yake tukaondoka.

Kontrakti ilipokaribia kuisha, binti akaniuliza nataka nini. Si kwamba nahitaji nini, nataka nini. Nilijibu kabla sijafikiri. Halafu nimefika, nikaogopa. Nilidhani nikishaliona nitakuwa sina tena kisingizio, ni kwenda tu kulala kile chumba alichonichagulia Joram.

Leo nilikwenda. Valerie alinisindikiza hadi kwenye bwawa la mbele, akaniacha. Kulikuwa na watu kama wa mkutano wa injili, wote wameinua simu. Na jua, mwanangu, halikutoka. Wingu zito tu, likageuka kutoka jeusi kuwa la kijivu. Watu wakanung'unika, wakaondoka kwenda kunywa chai. Mimi nikabaki kwenye jiwe. Mwili wangu umezoea, ulikuwa unangoja kuitwa. Maziwa yako wapi, Virginia, koti la mtoto liko wapi. Nikangoja. Hakuna aliyeita. Ile minara mitano ikajitokeza polepole kwenye kijivu, na kivuli chake majini, na nikalia kwa raha yangu, bila kujificha bafuni.

Kisha nikaingia ndani, nikazunguka hadi nilipojua huko kwetu kumekucha, nikawasha simu. Ilitetemeka kama mtu mwenye malaria. Nikampigia Joram kwa video.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. "Kaka," nikaanza, "Madam hana kosa lolote, mimi ndiye..."

"Najua," akanikata. "Kendi alinipigia jana. Ameniambia yote, hata ya Oloo."

"Oloo ni nani?"

"Jirani."

Kendi! Kwa hiyo barua yako ilipokuwa mkononi mwangu wewe ulishasema. Tutaongea.

Baba yako alikuwa amekasirika kweli, ule mshipa wa paji umesimama. "Wanawake wamefunga, Virginia. Nimelia redioni. Sasa nitapita vipi sokoni? Kwa sababu ulitaka kuona mawe? Mawe yako hapa! Nkubu imejaa mawe!"

Nikaigeuza simu.

Nikadhani mtandao umekwenda.

"Hiyo ni nini?"

"Ndiyo hayo mawe."

"Sogeza simu. Si huko juu, hapo, kwenye kiungo. Saruji iko wapi?"

"Hakuna saruji."

"Haiwezekani. Pitisha ukucha."

Nikapitisha ukucha kati ya jiwe na jiwe. Haukuingia. Akavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Basi nikawa mtumwa wa simu: nenda kushoto, inama, gonga nisikie, hilo la juu lilipandishwa na nani? Kiongozi wa watalii aliwasimamisha watu wake wakatupisha, mama wa Kimeru anagonga ukuta kwa kidole na simu inafoka. Nusu ya majibu nilikuwa sina. Alisahau kabisa kwamba ananigombeza.

Mwishoni akauliza kwa sauti ndogo, "Na ulipokuja na wale watu, hukuyaona haya?"

"Nilibaki na mtoto."

"Basi angalia sawasawa," akasema. "Usikimbie."

Nikamwambia mengine pale pale, kabla ujasiri haujaniisha. Kwamba nitarudi, lakini nitapanga nyumba yangu mwenyewe pale mjini, yenye mlango wangu na ufunguo wangu. Kwamba amwambie Mzee Dominiko asante kwa maua na basi. Alijikuna kichwa. Alisema, "Sasa nitamwambiaje?" Nikamwambia, "Vile ulivyomwambia aje."

Naondoka hapa kesho kutwa, kupitia Bangkok. Niandikie Meru kwa sanduku la kanisa.

Na huyo Oloo. Nataka kila kitu.

Shangazi yako,
Virginia


Najma, Doha
22 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Karibu nyumbani. Natumai umelala vya kutosha na kwamba mvua imekupokea. (Baba, kama umeifungua hii barua, hujambo Baba, ifunge tafadhali.) Huku ni Ramadhani, zamu zimegeuka, mchana mji umelala na jioni unaamka. Madam anakusalimu, nimempa namba yako.

Mama amenisimulia ya huko. Baba alirudi redioni tarehe sita kama alivyoahidi, akasema mbele ya wakamua ng'ombe wote kwamba alikosea, dada yake hakufungwa na mtu, yuko matembezini. Akaanza kueleza viungo vya mawe hadi wakamwekea wimbo. Kwaya imefungua mfungo kwa pilau. Mzee Dominiko amenyamaza, lakini koti la uwanja wa ndege anaendelea kulivaa kila Jumapili.

Sasa Oloo. Anaoka mikate katika hoteli moja ya Pearl huu mwaka wa tatu, anaishi mlango wa pili kutoka kwangu, ananukia hamira, na hajawahi kuniuliza kwa nini nimechoka. Huleta tu kiti. Nilimficha kwa sababu Baba alishaniambia mara nyingi ni kijana wa namna gani nitakayemleta, wa kanisa letu na wa kijiji chetu, na Oloo ni mtu wa Siaya.

Siku niliyompigia Baba tulikwenda Al Wakrah, jioni, watu wamekaa na familia zao wakifuturu kando ya bandari. Nilimwambia naona nikingoja jibu la Shangazi, redio itamwahi Madam. Akasema, "Piga sasa. Mimi nitashika chai." Akasimama na vikombe viwili vya karaki mkononi kwa mazungumzo yote. Nilimwambia Baba kuhusu Kambodia. Nililia. Kisha lile swali la tatu likafika: "Na hapo uko na nani?" Nikasema. Ukweli ulishaanza kutoka, nikashindwa kuufunga.

Baba akasema, "Mpe simu."

Oloo hakuwa na mkono. Nikaishika sikioni mwake.

"Unafanya kazi gani, kijana?"

"Mwokaji mikate, mzee."

"Mkate si chakula."

"Ni kweli, mzee. Ndiyo maana ugali najua pia."

Baba alikohoa. Shangazi, wewe unakijua kile kikohozi. Hakusema ndiyo. Amesema ataangalia. Ukipata nafasi, mkumbushe aangalie.

Jambo la mwisho, nililokusudia kukuandikia tangu mwanzo.

Jana Ijumaa nilikwenda kanisani, kwenye benchi letu. Wale mama zetu wa kazi za nyumba, waliokuwa wakikaa nawe, wakanizunguka nje kabla ya ibada. Nafula wa Bungoma akauliza, "Virginia alifika kwao?"

"Amefika majuzi. Kwanza alikwenda likizo."

"Likizo? Na Madam?"

"Hapana. Peke yake."

"Kumlea nani?"

"Hakuna. Alikwenda tu kutembea."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kufunga na kufungua zipu ya mkoba wake. Kengele ikalia, wakaanza kuingia. Nafula akabaki nyuma. Ana miaka mingi hapa kuliko wewe. Akachomoa kalamu kwenye nywele zangu, ile ya kazini, akanipa, akanyoosha kiganja.

"Niandikie hapo jina la huo mji," akasema.

Nikaandika kwa herufi kubwa, SIEM REAP. Akalisoma kwa midomo bila sauti, mara moja, mara ya pili. Kisha akafumba ngumi, akaingia ndani, na wakati wote wa kuimba mkono ule hakuufungua.

Ni mimi, mwanao,
Kendi